Jezi Kumi na Nane za Upepo FC

Makambako,
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Kamwene. Ni mimi Prisila wako, mke wa Yusto, na unisamehe nikiliandika neno hilo "mke" mara nyingi, maana bado linanipendeza mkononi. Natumaini wewe na mama mko wazima hapo Kifanya na viazi vimeota. Kwa kuwa simu haikufai tena kwa ajili ya masikio, nitakuwa nakuandikia. Barua nampa Justine, kondakta wa Kosta. Ataiacha stendi ya Njombe kwenye duka la soda, mtu wa Kifanya aichukue hapo.

Shangazi, nina furaha hadi naona aibu. Leo ni wiki ya nne tangu Padri atufungishe ndoa, na Yusto bado akitoka kwenda mazoezini anarudi mlangoni mara mbili kana kwamba amesahau kitu, kumbe anataka kuniangalia tu. Unakumbuka alivyoondoka siku moja baada ya harusi kwenda kwenye mechi, mama akanuna? Walishinda ile mechi, wakashinda na tatu zilizofuata. Upepo FC yenyewe ni timu ya vijana watupu, nahodha Steven ana miaka kumi na tisa, wengine ndevu hazijaota. Mji mzima unawaimba. Yusto ananiambia, "Tangu nikuoe sijafungwa. Wewe ndiye bahati yangu." Akisema hivyo nasahau hata upepo wa Makambako, ambao unavuma mpaka masufuria yanacheza ukutani.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Alhamisi Yusto alikwenda Igwachanya kwenye semina ya makocha. Jana asubuhi mzee Odilo, mtunza vifaa wa timu, akaja na gunia la jezi, akaniambia bati la stoo yake linavuja, niliweke ndani mpaka leo. Shangazi, harufu. Nilifikiri kuna mnyama amefia humo. Jezi kumi na nane za kijani zimekakamaa kwa tope na jasho. Nikajisemea, mume wangu atarudi akute mke wa namna gani? Nikazifua zote, nikazisuuza maji matatu, upepo ukazikausha kabla ya saa tisa, nikazipiga pasi, katikati nikatia majani ya mchaichai. Leo Odilo amelichukua gunia bila kulifungua. Yusto sijamwambia. Kesho akiwaona vijana wake wanang'aa, atajua mwenyewe.

Msalimie mama. Mwambie nimenenepa.

Mwanao mwenye furaha,
Prisila


Kifanya,
19 Novemba 2024

Mwanangu Prisila,

Barua yako imenifikia jana, ikiwa na doa la soda. Sisi wazima. Viazi vimeota, ila mvua imezidi na majani yameanza madoa. Mama yako alikununia wewe, hakumnunia Yusto. Sasa ameacha. Nilimsomea kile kipande cha kurudi mlangoni mara mbili, akaenda jikoni kujifuta macho akisingizia moshi.

Nimefurahi kwa furaha yako. Neno moja tu la mwalimu mzee. Nguo za mumeo ni zako kufua. Kitu cha watu wengi, uliza kwanza mwenye kukitunza. Watu wa mpira wana mambo yao. Pengine naogopa bure, na kama naogopa bure nicheke utakapokuja Krismasi.

Andika hiyo mechi ilikuwaje.

Shangazi yako,
Cresensia


Makambako,
2 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Kamwene. Mimi mzima wa mwili. Yusto mzima, alikuwa na mafua, nimempikia supu ya kuku na akainywa yote akiniangalia juu ya bakuli kama mtoto. Nakupenda, na namshukuru Mungu kwa barua yako.

Ukishaisoma hii, ichome. Ichome na ile ya kwanza.

Jumapili ile tulifungwa nne bila. Nilikaa kwenye jukwaa la mbao, nyuma ya Abrahamu, yule mfanyabiashara wa mbao ambaye ni mwenyekiti wa mashabiki. Vijana walipotoka kupasha misuli nilijisikia fahari, jezi zilikuwa kijani kama mahindi machanga. Kisha nikaona watu wa mbele yangu wamenyamaza. Abrahamu akamwita Steven karibu na kamba, akamshika jezi kifuani, akainusa.

"Hii imefuliwa."

"Hata mimi nimeshangaa, mzee."

"Nani amefua?"

"Tumezikuta hivyo kwenye gunia."

Mama mmoja pembeni yangu akaniona sielewi, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgeni. Kamati ya ufundi ilipitisha kabla ya mechi ya kwanza kwamba jezi zianikwe tu, zisiguse maji mpaka kombe lije. Ukifua umeosha ushindi. Mji mzima unajua. Mimi nimetoka Kifanya juzi, ningejuaje? Nikamwambia, "Ahaa, kumbe," na mikono yangu nikaificha ndani ya khanga, maana niliona kama bado inanukia mchaichai.

Tangu hapo tumefungwa mechi mbili nyingine. Tunaongoza, halafu dakika za lala salama vijana wanapata kigugumizi cha miguu, wanarudishiwa. Na maneno ya jukwaani yamebadilika. Mwanzoni yalikuwa ya kuchekesha. "Hawa wanahitaji uji, hawahitaji kocha." "Beki yetu ni mlango wa kanisa, kila mtu anakaribishwa." Wanasema Yusto anacheza na watoto kwa sababu ya kiburi, alipaswa kuchukua wakongwe kutoka Iringa. Sasa utani umeisha. Jumapili iliyopita walimtukana Steven mpaka akapiga mpira wa kona ukaenda nje nyuma ya goli, wakamzomea kwa hilo pia. Na kila baada ya kipyenga cha mwisho swali ni lile lile: nani alifua.

Nilimwuliza Yusto kwa mbali, kama vile mtu anauliza bei ya nyanya, iwapo anaamini mambo hayo ya jezi. Akasema, "Mimi siamini. Lakini vijana wanaamini, na mimi nafundisha hao wanaoamini." Halafu akacheka kidogo akasema labda bahati yake imeanza kumzoea. Alikuwa anatania. Shangazi, nililia bafuni.

Sijamwambia. Nifanyeje?

Prisila


Kifanya,
8 Desemba 2024

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu, wazima. Mama yako amesafiri kwenda Njombe kwenye kikao cha akina mama wa WAWATA na hajui habari hizi, nami sitamwambia.

Barua sikuzichoma. Sichomi maandishi ya mtu.

Mwambie mumeo. Mwambie leo, kabla ya kumpelekea maji ya kuoga. Siri ya mwezi mmoja ndani ya ndoa ya miezi miwili ni kubwa kuliko ndoa yenyewe. Umeniuliza ufanye nini, nami nimekujibu. Hujaniuliza jambo jingine ambalo mimi ningeliuliza: gunia lilikuwa mikononi mwa nani? Watu wakitafuta aliyefua, wataanzia kwa nani?

Cresensia


Makambako,
14 Januari 2025

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Samahani hatukuja Krismasi, Yusto alisema si vizuri kocha aliyefungwa kuonekana anasafiri. Barua yako ilikaa stendi mpaka tarehe ishirini na nane, Justine alikuwa likizo. Nimeisoma mara nyingi sana. Asante kwa zile njegere. Yusto amezipenda. Bado ananipenda, shangazi, bado anarudi mlangoni, na kila akirudi nafikiri, leo nitasema. Kisha namwona anavyotabasamu, natazama pembeni.

Uliuliza wataanzia kwa nani. Wameanza.

Ligi ilirudi tarehe tano, tukafungwa tatu moja na wazee wa Igwachanya, watu wazima wana vitambi na walitukimbiza. Jioni mashabiki walikwenda hadi stoo kwa mzee Odilo. Ni msimu wa ulanzi, wengi walikuwa wamekunywa. Wakasema yeye ndiye aliyefua, amenunuliwa na wapinzani. Wakarusha mawe kwenye bati. Aliyeniambia ni Steven, alipokuja kumtafuta Yusto. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Mzee hakusema kitu, shemeji. Alikaa juu ya gunia la mipira akawaangalia tu."

Kesho yake nilimkuta Odilo bombani. Ana mkwaruzo hapa juu ya jicho. Nilikuwa nimepanga maneno. Yeye ndiye aliyeanza, huku anajaza ndoo.

"Mchaichai unaotesha mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, nyuma ya nyumba.

"Una harufu nzuri."

"Mzee, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Bibi harusi wa juzi hatajwi kwenye vinywa vya walevi. Jina lake likishatoka huko halirudi lilivyokuwa."

"Lakini wewe wanakupiga mawe."

"Wamepiga bati. Bati ni la timu." Akajitwika ndoo akaenda. Hakuniomba niseme, shangazi. Hata hakunitazama kama mtu anayesubiri kuombwa msamaha.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano tunacheza na timu ya Njombe mjini. Abrahamu ametangaza kwamba kabla ya mechi Odilo atasimama katikati ya uwanja aape mbele ya wote kwamba hakuzifua. Akiapa uongo, wanasema, atajionea mwenyewe. Akikataa kuapa, aondoke Makambako. Yusto alikwenda kuwakatalia, wakamjibu, "Kocha, wewe shughulika na beki." Alirudi akakaa kitandani na viatu. Anampenda yule mzee, ndiye aliyemfunga kamba za viatu alipoanza kucheza akiwa darasa la nne.

Naogopa vitu vingi mpaka sijui kipi ni kipi. Naogopa watu wale. Siku hizi nikisikia mluzi barabarani nafunga dirisha. Lakini nikijisema kweli, siwaogopi kama ninavyouogopa uso wa Yusto utakavyokuwa baada ya kunisikia. Jibu haraka. Au uje wewe umwambie. Wewe ni mtu mzima, atakusikiliza.

Prisila


Kifanya,
19 Januari 2025

Prisila,

Salamu nyingi. Sitakuja. Nikija nitakuwa nimesema mimi, na wewe utabaki hujasema.

Nilipokuwa nafundisha, kuna mtu nilijua hana kosa. Nilinyamaza wiki moja, nikisubiri siku nzuri ya kusema. Jina lake sitakuandikia. Mama yako analijua, usimwulize.

Usisubiri tarehe ishirini na tano.

Cresensia


Makambako,
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Kamwene. Tuko hai, nianze na hilo, maana najua mama amesikia habari za uwanjani kwa watu wa Njombe na wameziongeza chumvi. Yusto ana jeraha begani, linapona. Mimi sina kitu.

Barua yako ya mwisho nimeipata Jumatatu ya tarehe ishirini na saba. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kwa hiyo usidhani nilikutii, ingawa natamani ningekuwa nimekutii.

Nilimwambia Yusto Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi. Alikuwa ametoka mazoezini, anakula viazi. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja nikiwa nimeshika kiti. Aliacha kutafuna.

"Odilo anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akavaa koti, akatoka. Sikuwahi kumwona akitoka bila kugeuka. Nilikaa pale nimeshika kile kiti kwa muda ambao siujui. Aliporudi alisimama nje ya mlango akasema stoo imefungwa kwa kufuli, na funguo ameachiwa mwenye kioski. Odilo alipanda lori la mbao alfajiri ya siku ile ile, kwenda kwa binti yake Matembwe.

Shangazi, siku moja tu. Ningesema Jumatano angekuwepo.

Nilimwomba Yusto awaambie mashabiki yeye. Akasema, "Nikisema mimi, watasema mume anamfunika mtunza vifaa kwa kumsingizia mke. Useme mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Abrahamu alikuwa katikati na kipaza sauti. "Mmeona? Mzee amekimbia. Mwenye haki hakimbii." Watu wakaitika. Nilitoka benchi nikaenda. Kutoka kwenye chaki hadi pale katikati ni hatua chache, lakini nilizihesabu zote. Yusto alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Nikakiomba kile kipaza sauti, nikasema, "Odilo hakufua. Nilifua mimi. Sikujua."

Upepo ndio uliosikika kwenye spika. Kisha mtu juu ya ukuta akauliza, "Kwa sabuni gani?" na watu wakacheka. Kwa sekunde nikadhani imekwisha.

Abrahamu hakucheka. "Nani alikutuma, bibi?"

"Harufu."

"Tangu uje hapa timu imekufa. Unajua?"

Hapo Steven akaja. Mtoto wa watu ana sauti nyembamba, lakini aliongea. Alisema, "Mzee, mimi zile jezi zilinitoa upele mgongo mzima. Tulitamani zifuliwe, tuliwaogopa ninyi. Na hatufungwi kwa sabuni. Tunafungwa kwa sababu tukikosea pasi moja tunasikia matusi ya mama zetu, basi tunaogopa kupokea ya pili." Akarudi kwa wenzake. Hakuna aliyempigia makofi.

Tulifungwa mbili moja, bao la pili dakika ya tisini. Yusto alinishika mkono tukapita mlango wa nyuma, na huko nako walikuwepo. Sikuona aliyerusha. Nilisikia chupa, kisha nikasikia Yusto akivuta hewa. Mama yule aliyenieleza siku ya kwanza habari za jezi ndiye aliyetufungulia geti lake tukajificha mpaka giza la jioni. Alitupa chai, na wala hakunitazama usoni.

Tangu hapo sijatoka peke yangu. Wameitisha mkutano wa kumwondoa Yusto, umeahirishwa mara mbili, wenyewe hawaelewani. Zimebaki mechi tano. Nyumbani tulikaa siku nne tukiongea habari za chumvi na mkaa tu. Nilikuwa nasikiliza kila anapotoka. Hakurudi mlangoni.

Jumatano akasema, "Twende Matembwe." Kwenye gari, baada ya Njombe, kule barabara inapoanza kupita katikati ya mipaini na ukungu, nikamwuliza kile nilichokuwa nimekimeza miezi yote. "Sasa mimi ni mkosi wako?"

"Wewe ni mke wangu. Mkosi ni beki ya kulia." Hakutabasamu, alikuwa anatazama nje. Kisha akasema, "Nilichokasirikia si maji wala sabuni. Nilikaa na mzee yule kila siku nikimfariji, kumbe ndiye alikuwa ananifariji mimi." Nikalaza kichwa kwenye bega lile lisilouma. Hakulisogeza. Shangazi, nampenda kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi sikuwa na hofu hata moja. Sasa ninazo nyingi, na hiyo ya kumpoteza ndiyo iliyokaa mbele.

Tulimkuta Odilo kwenye karakana ya mkwe wake, anapiga randa ubao. Alitusalimu vizuri, akamwagiza binti yake Feliciana atuletee mahindi. Nikapiga magoti kwenye maranda yale nikamwambia nilisema mbele ya uwanja mzima, na kwamba stoo yake ipo, vijana wanamwuliza, Yusto amekuja kumchukua.

"Nimesikia umesema. Asante."

"Basi turudi, mzee," Yusto akasema.

"Hapana. Watu niliowafungia viatu wakiwa watoto walinirushia mawe. Nikirudi nitakuwa nawaangalia mikono."

Yusto alijaribu tena, na tena. Mzee akaendelea na ubao wake. Tulipokuwa tunaaga, akanigeukia mimi.

"Jezi ziko zote kumi na nane?"

"Ziko zote."

"Namba tisa ilikuwa imechanika kwapani. Niliona nikachelewa kuishona."

"Niliishona siku ile ile niliyozifua."

"Kwa uzi gani?"

"Mweusi. Wa kijani sikuwa nao."

"Si neno, haionekani mpaka ainue mkono." Akainama kwenye randa yake. Hakusema amenisamehe, nami niliona aibu kumwuliza. Tulisimama barabarani karibu saa nzima tukisubiri gari, na muda wote tulisikia randa inakwenda, inarudi.

Mwambie mama nitakuja peke yangu au na Yusto, bado sijui.

Mwanao,
Prisila